Koa wa Mbudya na sponji wake: kwa nini hakuweza kuishi Dodoma

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipagala, Dodoma. Likizo ya Juni tuliwapeleka watoto kwa bibi yao Dar es Salaam, na siku moja tukavuka kwenda kisiwa cha Mbudya. Maji yalipokupwa, binti yangu wa miaka kumi na mmoja aliona mdudu mdogo mzuri ajabu, urefu wake kama kidole changu cha mwisho, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni na ukingo wa rangi ya machungwa. Alikuwa amekaa juu ya kitu chekundu, laini kama sponji ya kuoshea vyombo. Bila kuniambia alimchukua pamoja na kipande cha kile kitu, akavitia kwenye chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya bahari, na mimi nikagundua tukiwa tayari ndani ya treni. Nyumbani niliona maji yamepungua, nikaongeza ya bomba na chumvi ya mezani. Siku ya tatu maji yalinuka na mdudu akafa. Mtoto amelia sana, anasema amemuua. Vidole vyake navyo viliwasha na kuvimba kwa siku mbili. Jirani anasema yule alikuwa konokono wa sumu na ni kupe wa baharini, kazi yake kunyonya sponji mpaka iishe, kwa hiyo tusimsikitikie. Naomba unieleze kilichomuua, kama mkono wa mtoto uko salama, na kama Desemba tunaweza kuleta wengine tukawafuga vizuri zaidi. Mtoto anapenda sayansi, sitaki kumvunja moyo."

Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake yamo maswali matatu uliyoyataja na la nne ambalo hukulitaja, nalo ni namna ya kumwambia mtoto ukweli bila kumwumiza. Nitaanza na mkono, maana afya ya mtoto haisubiri maelezo ya zoolojia.

Kilichowasha vidole vya binti yako, kwa uwezekano mkubwa sana, si yule mnyama mweusi bali ni kile kitu chekundu alichokimega. Sponji wengi wa baharini wamejengwa kwa vijiti vidogo mno vya kioo au vya chokaa, ambavyo huingia kwenye ngozi kama vumbi la pamba ya kioo, na wengine huwa na kemikali zinazochoma pale walipokatwa. Siku ile ile ingefaa kuacha kusugua, kubandika selotepu juu ya ngozi kavu na kuibandua taratibu ili ivute vile vijiti, kisha kuloweka vidole kwenye siki ya jikoni kwa dakika kumi hadi thelathini. Kwa kuwa muwasho uliisha baada ya siku mbili, sioni sababu ya wewe kukosa usingizi. Hata hivyo, mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona malengelenge, ngozi inayobambuka, usaha, homa, maumivu ya viungo, au ikiwa alijifikicha macho kwa vidole vile na jicho bado ni jekundu. Ukifika huko, mwambie daktari waziwazi kwamba mtoto alishika sponji wa baharini kisiwani Mbudya, kwa kuwa daktari wa Dodoma, mbali na bahari kama tulivyo, hana sababu ya kulifikiria jambo hilo asipoambiwa.

Sasa tuje kwa marehemu mwenyewe. Hakuwa mdudu wala kupe, bali koa, yaani konokono asiye na kombe, wa ukoo ule ule mkubwa wa moluska walimo chaza na pweza. Wale makoa wa kijivu wanaotambaa bustanini mvua zinapoanza hapa Dodoma ni ndugu zake wa mbali. Makoa wa kundi lake wanaojulikana na sayansi ni takriban aina 3,000, nao wana matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, yaliyo wazi nje ya mwili. Kama binti yako alimwangalia vizuri, aliona mgongoni upande wa nyuma kitu kama ua dogo linalochanua, na kichwani pembe mbili fupi. Ua lile ndilo pumzi yake, na pembe zile ndizo pua zake.

Sura uliyoieleza inalingana sana na koa aitwaye Chromodoris africana, anayeishi magharibi mwa Bahari ya Hindi na katika Bahari ya Shamu, ingawa bila picha siwezi kuapa. Jina hilo alipewa mwaka 1904 na Sir Charles Eliot, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akitawala eneo ambalo leo ni Kenya, na ambaye muda wake wa ziada aliutumia kuwachunguza makoa wa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Namtaja kwa ajili ya binti yako, ajue kwamba sehemu muhimu ya elimu ya viumbe hawa iliandikwa kutokana na pwani yetu wenyewe, zaidi ya miaka mia moja kabla yeye hajainama kwenye dimbwi la Mbudya.

Kuhusu sponji, naomba tusahihishe jambo ambalo ni la sarufi na la sayansi kwa pamoja. Wewe umeandika "sponji mpaka iishe", kama tunavyosema juu ya godoro au kitambaa cha jikoni, lakini sponji wa baharini ni mnyama, na kuanzia hapa nitamwita "sponji huyu". Hana ubongo, hana moyo, hana tumbo, wala hawezi kuhama mahali aliposhika. Mwili wake umejaa matundu madogo yanayoingiza maji na matundu makubwa zaidi yanayoyatoa, na ndani yake zimo seli zenye vijimkia vinavyotikisika usiku na mchana kuyasukuma maji hayo, huku zikinasa bakteria na chembe za chakula. Uhai wake wote ni kupitisha maji, na maji yakisimama naye ameanza kufa. Kaa na sentensi hiyo, mama, kwa sababu ndiyo itakayotupeleka kwenye chupa yenu.

Kiumbe aliyeshikamana na mwamba, laini, asiyeweza kukimbia wala kuuma, angepaswa kuwa ameliwa akaisha zamani. Kinachomlinda ni kemia. Katika Bahari ya Shamu yuko sponji mwekundu aitwaye Negombata magnifica, ambaye samaki wakiwekwa tangi moja naye akiwa ametoka kubonyezwa na kutoa majimaji yake, hufa katika dakika chache. Mwaka 1980 watafiti wa Israeli walitenga kutoka kwake sumu iitwayo latrunkulini. Sumu hii inafanya kazi kwa namna iliyo rahisi kueleza: ndani ya seli za wanyama, zangu na zako zikiwemo, kuna protini iitwayo aktini ambayo vipande vyake huungana kuwa nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoipa seli umbo, kuisaidia kusogea na kuiwezesha kugawanyika. Latrunkulini hushika kile kipande kimoja kimoja na kukizuia kisiungane na wenzake, na hapo seli hupoteza umbo kama hema lililong'olewa vigingi vyake.

Sponji huyo ndiye chakula cha Chromodoris quadricolor, ndugu wa karibu wa koa wenu. Koa huyo humtafuta sponji wake kwa harufu inayosafiri majini, akimfikia humkwangua kwa ulimi wenye safu za meno madogo, na badala ya kuuawa na sumu huichukua na kuihifadhi katika vifuko vilivyo pembezoni mwa vazi lake, yaani ule ukingo wa mwili ambao samaki angeuuma kwanza. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa kutoka Australia walionyesha kwamba aina tano za Chromodoris walizozipima, ingawa sponji wanaowala wana kemikali nyingi, wote walikuwa wamehifadhi ukingoni mwao sumu ile moja, latrunkulini A. Fikiria mtu anayeingia duka la dawa lenye makopo mia, kila mara akatoka na kopo lile lile lililo kali kuliko yote.

Ndiyo maana koa yule ana rangi za kupendeza. Watu wengi hudhani amejipamba ili amvutie mwenzake, na hilo haliwezekani, kwa kuwa macho yake ni vidoa viwili vidogo vinavyotofautisha mwanga na giza tu, na hajawahi kuiona rangi yake ya machungwa wala ya mwenziwe. Rangi hizo wanaandikiwa samaki. Samaki akimwonja mmoja akamtema, huikumbuka rangi ile na kuwaacha wengine wapite.

Kwa hiyo jirani yako amepata nusu na kukosea nusu. Ni kweli kwamba koa ana sumu, lakini ni ya kumdhuru anayemla, na kumgusa kwa ujumla hakuna madhara yanayojulikana kwa makoa wa jamii hii. (Wako makoa wengine wanaokula viumbe wa baharini wenye miiba ya sumu, na hao huchoma kweli, ndiyo sababu kanuni ya kutoshika kitu usichokijua inabaki pale pale.) Kuhusu kumnyonya sponji mpaka afe, hapana. Koa mdogo kama kidole humkwangua sponji kidogo kidogo, na sponji ana uwezo wa kuota upya ambao wanyama wachache wanao. Huko Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, wako wanawake wanaolima sponji baharini: humkata sponji mmoja vipande, huvifunga kwenye kamba ndani ya maji, na kila kipande hukua kuwa sponji kamili wa kuuzwa. Mnyama anayeweza kulimwa kwa vipandikizi kama muhogo hamalizwi na koa mmoja. Zaidi ya hapo, koa anayemaliza sponji wake amejinyima chakula, kinga na mahali pa kutagia kwa siku moja. Wale wawili ni mla na mliwa, lakini pia ni mpangaji na nyumba yake.

Na sumu hizi si balaa tupu kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Werner Bergmann alichunguza sponji wa Karibi akapata ndani yake kemikali za ajabu, zilizowafungulia wengine njia ya kutengeneza sitarabini, dawa inayotumika hadi leo kutibu saratani ya damu. Mwambie binti yako habari hii pia. Mtoto anayeipenda sayansi anastahili kujua kwamba kile "kitu chekundu" hakikuwa uchafu wa baharini.

Sasa chupa. Nitasema kilichotokea kwa kadiri barua yako inavyoonyesha, na sitaficha sehemu yako wala ya mtoto, kwa kuwa mmeniuliza mkitaka kujua.

Kifo kilianza na kile kipande cha sponji. Kilipomegwa kilijeruhiwa, na sponji aliyejeruhiwa huachia kemikali zake majini. Baharini maji yanayopita huzichukua mara moja, ila ndani ya chupa ya lita moja na nusu zilibaki pale pale na koa. Kisha maji yalisimama, sponji akashindwa kuyapitisha kama alivyozoea, akaanza kuoza, na kitu kinachooza hula oksijeni na kutoa amonia. Harufu uliyoisikia siku ya tatu ilikuwa hatua ya mwisho ya jambo lililoanza Mbudya kabla chupa haijafungwa. Koa anayepumua kwa ua lililo wazi mgongoni hana namna ya kukwepa maji mabaya, kwa sababu hana kombe la kujifungia ndani yake kama konokono wengine.

Maji ya bomba na chumvi yalikuja juu ya hapo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na majimaji ya ndani ya mwili wa koa yana ukali wa chumvi ulio sawa na bahari iliyomzunguka, bila kiungo cha kurekebisha tofauti kwa haraka. Maji yanayomzunguka yakipungua chumvi ghafla, yanamwingia na kumvimbisha, na chumvi ikizidi yanatoka na kumnyausha. Chumvi ya mezani nayo ni sodiamu na kloridi, ambazo ni takriban asilimia 85 ya chumvi za baharini, lakini magnesiamu, kalisiamu, potasiamu na salfeti zilizobaki hazimo. Najua Dodoma tuna visima vyenye maji ya chumvi hata chai ikakataa kukolea, na wako watu waliowahi kuniuliza kama hayo yangefaa. Hayafai, kwa kuwa ni chumvi za mwamba wa hapa, kwa vipimo vingine kabisa. Ongeza na baridi: bahari ya pwani yetu hukaa kati ya nyuzi 25 na 30 karibu mwaka mzima, na usiku wa Juni hapa Dodoma unaweza kushuka hadi nyuzi 14 hivi.

Hukumu yangu ni kwamba ulichoongeza wewe kiliharakisha mambo bila kuyaamua. Hata kama usingegusa ile chupa, koa yule asingefika juma la pili. Mtoto naye, nadhani ni vyema umwambie kwa maneno ya upole lakini yaliyonyooka: ndiyo, kumtoa baharini ndiko kulikomwua, na hakujua, na sasa anajua. Watoto wanaopenda viumbe hutambua haraka wakidanganywa, na uongo wa "alikuwa mgonjwa tu" utamwachia shaka badala ya faraja.

Kuhusu Desemba, jibu langu ni hapana, na sababu ya kwanza ni chakula. Chromodoris hali mwani, hali chakula cha samaki cha dukani, hali mabaki ya dagaa. Anakula sponji wa aina chache sana, pengine mmoja, na sponji huyo ni mgumu kumweka hai kuliko hata koa mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilijaribu, nikiwa karibu na bahari, na tangi lenye pampu na maji yaliyobadilishwa kila siku. Nilimletea koa wangu sponji wa rangi ile ile niliyomkuta naye, nikidhani rangi inatosha. Alimpanda, akamnusa, akashuka, na kwa siku tisa akazunguka kuta za tangi bila kula mpaka akafa. Bado namkumbuka. Wala usitegemee kuwazalisha: kila koa ana jinsia zote mbili na hutaga utepe wa mayai uliojiviringisha, lakini viluwiluwi wanaotoka, wakiwa bado na kombe dogo watakalolivua baadaye, huelea baharini kabla ya kutua, na kwa makoa kadhaa waliochunguzwa hawatui mpaka wasikie harufu ya chakula chao.

Sababu ya pili ni sheria. Mbudya, pamoja na Bongoyo na visiwa jirani, ni maeneo tengefu ya bahari, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inalinda viumbe wake. Sisemi hivi kumtisha mtoto kwa kosa alilolifanya bila kujua, ila mtu mzima anayeijua sheria hapaswi kulirudia. Kama shule yake ingependa tangi la maji ya bahari hapa Dodoma, linawezekana kwa samaki wachache wagumu, kwa gharama kubwa ya chumvi maalumu, pampu na umeme usiokatika. Nisingelipendekeza kwa nyumba ya watoto watatu, na kwa koa huyu nisingelipendekeza kwa yeyote.

Yapo mawili ninayoyapendekeza kwa moyo wote. La kwanza ni kurudi Mbudya na simu badala ya chupa. Chagueni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapokupwa sana. Mkimwona koa, mpigeni picha akiwa juu ya sponji wake, moja kwa karibu na moja inayoonyesha sponji mzima, bila kumwinua wala kumgeuza. Binti aandike tarehe, saa, rangi ya sponji, na koa alikuwa akifanya nini. Watu wengi humpiga picha koa peke yake, kwa kuwa ndiye mzuri, wakamwacha aliyemlisha nje ya picha, kumbe kujua nani anamla nani ndiko kunakohitajika zaidi. Picha za namna hiyo zinaweza kupelekwa kwa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, nao watamtambua kwa uhakika kuliko mimi ninayesoma maelezo ya barua.

La pili liko hapa hapa Dodoma. Yuko kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe, Danaus chrysippus, anayeruka polepole kama asiye na hofu na ndege. Kiwavi wake, mwenye milia ya nyeusi, nyeupe na njano na jozi tatu za nyuzi nyeusi mwilini, hula mimea fulani yenye utomvu mweupe wa sumu, huihifadhi sumu hiyo, na kipepeo anayetokea hurithi uchungu wake pamoja na rangi za kuonya. Ni habari ile ile ya koa na sponji, ila huyu anafugika: mkimkuta kiwavi, mleteeni kila siku majani mabichi ya mmea ule ule mliomkuta nao, katika chombo chenye hewa, na katika wiki chache atakuwa kipepeo wa kuachiliwa. Msiuchanganye mmea huo na minyaa ya uani. Mnyaa nao hutoa utomvu mweupe, lakini kiwavi huyu haugusi, na utomvu wake ukiingia jichoni osheni kwa maji mengi safi na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mikono ioshwe kila baada ya kushika utomvu wa mmea wowote. Na kama binti ataomba badala yake kukusanya konokono wa mabwawa na madimbwi, mkatalie mpaka awepo mtu anayewajua, kwa sababu maji yenye konokono hao yanaweza kuwa na kichocho.

Kabla ya hayo yote, mpe daftari leo. Aandike alichokiona katika zile siku tatu kabla hajasahau: usiku wa kwanza koa alikuwa juu ya sponji au kwenye ukuta wa chupa? Lile ua la mgongoni lilikuwa limechanua au limejifunga? Baada ya kuongeza maji ya bomba alibadilika vipi, na baada ya muda gani? Akimaliza, niandikieni tena pamoja na maelezo yake, nami nitamjibu yeye mwenyewe.